Ardhi Mgando na Matuta Yapitishayo Hewa: Historia ya Maarifa na ya Majina Yake

Yapo maarifa ambayo msomaji wa Kiswahili huyaona kuwa ya mbali mno, hata akadhani kwamba hayamhusu. Mojawapo ni maarifa ya kujenga barabara na reli juu ya ardhi iliyoganda kwa baridi miaka nenda miaka rudi. Barabara za nchi zetu hazina shida hiyo. Hata hivyo mwalimu wa jiografia hulazimika kuieleza ardhi hiyo darasani, na taarifa za mabadiliko ya tabianchi, ambazo wafasiri na watumishi wa serikali huzishughulikia, huitaja mara kwa mara. Sababu yake si ndogo: udongo wa ardhi hiyo umehifadhi kaboni inayokadiriwa kufika karibu mara 2 ya ile iliyomo hewani, na ukiyeyuka, sehemu ya kaboni hiyo hutoka.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wahandisi walivyojifunza kuipoza ardhi hiyo kwa kuipitishia hewa chini ya barabara zao. Sambamba na hayo tutafuata historia ya majina ambayo lugha mbalimbali zimeipa. Tutaona kwamba majina mengine humficha msomaji jambo lile lile ambalo wahandisi walilipata kwa gharama kubwa, na kwamba Kiswahili kinaweza kuchagua jina lisiloficha.

Kitu chenyewe

Ardhi tunayoizungumzia ni udongo, changarawe au mwamba uliokaa katika nyuzi 0 za sentigredi, au chini ya hapo, kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Maelezo hayo ndiyo yanayokubaliwa na wataalamu, na yafaa msomaji ayapime neno kwa neno. Hayakutaja barafu: mwamba mkavu usio na tone la maji, mradi umekaa katika kiwango hicho kwa muda huo, umo katika hesabu. Wala hayakutaja umilele. Yametaja vitu viwili tu, joto na muda.

Ardhi ya namna hii imeenea Siberia, Alaska, kaskazini ya Kanada na katika uwanda wa juu wa Qinghai-Tibet nchini Uchina. Katika sehemu fulani za Siberia kina chake hukaribia mita 1,500. Hata karibu na kilele cha Kilimanjaro watafiti wamepata vipande vidogo vyake. Juu yake daima lipo tabaka jembamba linaloyeyuka katika majira ya joto na kuganda tena katika majira ya baridi.

Taabu ya mjenzi huanza pale udongo unapokuwa umechanganyika na barafu nyingi. Ukiwa umeganda, huwa mgumu kama saruji na hubeba mzigo wowote. Ukiyeyuka, barafu hugeuka maji, maji hutafuta pa kutokea, na ardhi hudidimia bila usawa: hapa nusu mita, pale si kitu. Barabara iliyo juu yake hupasuka na kuwa na mawimbi, na reli hupinda.

Shimo la Yakutsk

Watu wa Siberia waliijua ardhi hiyo tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya walisitasita kuamini kwamba udongo waweza kuganda hadi kina kirefu. Mwaka 1828, katika mji wa Yakutsk, Fyodor Shergin wa Kampuni ya Urusi na Amerika alianza kuchimbisha kisima. Kazi iliendelea mpaka mwaka 1837, shimo likafika zaidi ya mita 116, na bado udongo ulikuwa umeganda. Maji hayakupatikana, lakini elimu ilipatikana. Katika miaka ya 1844 hadi 1846 mtaalamu Alexander von Middendorff alipima joto katika shimo hilo kwa vina mbalimbali, akaonyesha kwamba joto huongezeka kidogo kidogo kadiri mtu ashukavyo. Kwa hiyo mgando ule ulikuwa na mwisho wake huko chini. Ardhi haikuwa kitu kilichogandishwa mara moja kikaachwa. Ilikuwa mahali ambapo joto la kutoka chini na baridi ya kutoka juu hukutana na kufanya mizani.

Historia ya jina

Mwaka 1927 mtaalamu wa Kirusi Mikhail Sumgin alichapisha kitabu kilichoiweka elimu hii katika utaratibu. Jina alilolitumia, vechnaya merzlota, maana yake ni mgando wa milele. Miaka 16 baadaye, katika mwaka 1943, Siemon Muller, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika taarifa kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, akitegemea sana maandishi ya Kirusi. Katika taarifa hiyo aliunganisha neno la Kiingereza lenye maana ya kudumu na jingine lenye maana ya jalidi, akaunda neno permafrost. Yeye mwenyewe alieleza kwamba muda unaohusika ni kuanzia miaka 2 hadi makumi ya maelfu ya miaka. Lakini maelezo hubaki kitabuni, na jina hutembea peke yake. Neno likaenea, maelezo yakasahauliwa na wengi.

Wapo waliolalamika mapema. Mwaka 1946 mtaalamu wa Kimarekani Kirk Bryan alilipinga neno hilo na kupendekeza jingine, pergelisol, lililoundwa kwa mizizi ya Kilatini. Pendekezo lake halikushika, kwani wahandisi na askari walikwisha kulizoea lile la kwanza. Huko Urusi wataalamu walifanikiwa zaidi: katika maandishi ya kitaalamu neno lenye maana ya milele liliachia nafasi kwa kiasi kikubwa neno lenye maana ya miaka mingi, ingawa watu wa kawaida waliendelea na lile la zamani. Wachina nao walichagua jina ambalo, likifasiriwa sehemu kwa sehemu, ni udongo ulioganda wa miaka mingi. Halikuahidi umilele.

Tofauti hii si ya kubishania maneno tu. Mtu atakayefasiri taarifa ya leo kwa kutumia jina la umilele atajikuta ameandika kwamba ardhi iliyoganda milele imeanza kuyeyuka. Sentensi hiyo inajipinga yenyewe, na msomaji makini atauliza: ikiwa ni ya milele, inayeyukaje?

Somo la barabara ya Alaska

Hatusemi kwamba jina ndilo lililodidimiza barabara. Barabara ilianza kudidimia mwaka 1942, na neno la Muller likaja mwaka uliofuata. Katika Machi 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilianza kujenga barabara kutoka Dawson Creek nchini Kanada hadi Alaska, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Askari waliofanya kazi hiyo walizidi 10,000, na karibu theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi, waliowekwa katika vikosi vyao peke yao kwa mujibu wa ubaguzi uliokuwako jeshini. Barabara ilizinduliwa rasmi tarehe 20 Novemba mwaka huo huo.

Mwanzoni walijenga kama walivyozoea kujenga kwao. Matingatinga yalikwangua miti, majani na mboji mpaka udongo ukaonekana. Lakini mimea na mboji ndiyo iliyokuwa blanketi la kuikinga ardhi na jua. Blanketi lilipoondolewa, udongo uliokuwa mgumu asubuhi ulianza kugeuka tope, na magari yakazama humo. Ndipo walipobadili utaratibu: waliiacha mimea mahali pake, wakalaza magogo juu yake, kisha wakamwaga changarawe juu ya magogo. Somo likawa limepatikana, kwamba mjenzi wa nchi hizo asiichokoze ardhi bali aifunike.

Kufunika na kupoza

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo wafasiri huweza kuyachanganya. La kwanza ni kuzuia joto lisiingie. La pili ni kulitoa lile lililokwisha kuingia. Mtumishi wa serikali atalielewa upesi akilifikiria daftari la mapato na matumizi. Ardhi hupokea joto katika majira ya joto na hulitoa katika majira ya baridi. Mapato yakizidi matumizi mwaka hata mwaka, ardhi huyeyuka. Tuta nene, au matabaka ya kukinga joto, hupunguza mapato. Lakini tuta lile lile huweza kupunguza na matumizi, kwa maana huzuia joto lisitoke pia. Pale ardhi ilipo baridi sana upungufu huo hauleti hasara kubwa. Pale ilipo karibu na nyuzi 0, au hali ya hewa inapozidi kuwa ya joto, kufunika huchelewesha kuyeyuka tu, hakukuzuii.

Wajenzi wa nyumba ndio waliotangulia kushika njia ya pili. Huko Yakutsk na miji mingine ya Siberia nyumba zilisimamishwa juu ya nguzo, na nafasi ikaachwa wazi kati ya sakafu na ardhi. Upepo wa majira ya baridi hupita humo na kuchukua joto linaloshuka kutoka nyumbani, hata ardhi ikabaki imeganda chini ya jengo lenye moto ndani. Msomaji wetu atakumbuka kihenge cha nafaka kinachoinuliwa juu ya nguzo. Kusudi la kihenge ni ukavu na usalama wa nafaka, bali wazo la kuiachia hewa njia chini ya sakafu ni lile lile.

Namna tuta linavyopumua

Barabara haiwezi kuinuliwa yote juu ya nguzo, kwa kuwa gharama yake ni kubwa mno. Kwa hiyo wahandisi walitafuta namna ya kuipitisha hewa ndani ya tuta lenyewe.

Namna ya kwanza ni mabomba. Mabomba ya saruji au ya plastiki hulazwa ndani ya tuta, karibu na sehemu yake ya chini, yakilikata kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na ncha zake zikiachwa wazi nje. Upepo wa baridi hupita na kuondoka na joto la udongo unaoyazunguka. Mtu anaweza kuuliza: na upepo wa majira ya joto je, hautaingiza joto kwa njia ile ile? Utaingiza. Lakini katika nchi hizo wastani wa joto la hewa kwa mwaka mzima uko chini ya nyuzi 0, kwa hiyo hewa ya baridi hutoa zaidi ya kile kinachoingizwa na hewa ya joto. Ili kuongeza faida, wataalamu wa Kichina walijaribu kuweka kwenye ncha za mabomba vifuniko vinavyojifunga hewa inapopata joto na kujifungua inapopoa.

Namna ya pili haina bomba wala kifuniko. Sehemu ya tuta hujengwa kwa mawe matupu yaliyovunjwa, makubwa kiasi, yasiyochanganywa na udongo wala kokoto ndogo, ili nafasi baina yake zibaki wazi. Katika majira ya baridi hewa iliyo juu ya mawe hupoa kuliko ile ya chini. Hewa baridi ni nzito: mita moja ya ujazo ya hewa iliyo nyuzi 20 chini ya sufuri ina uzito wa karibu kilo 1.40, na ile ya nyuzi 0 ina karibu kilo 1.29. Basi ya juu huzama, ya chini hupanda, na mzunguko huo huchukua joto la ardhi na kulitupa nje. Katika majira ya joto mambo hugeuka: hewa ya juu ndiyo yenye joto na wepesi, hubaki juu, ya chini ni baridi na nzito, hubaki chini. Mzunguko husimama, na mawe hugeuka kuwa kinga. Kwa hiyo rundo la mawe hufanya kazi ya vali: hulipisha joto kwenda juu, hulizuia kushuka.

Jambo hili lilikuwa limeonekana katika maumbile kabla ya kutumiwa na wajenzi. Mwaka 1900 Mmarekani Edwin Swift Balch alichapisha kitabu juu ya mapango yanayohifadhi barafu hata wakati wa joto, akieleza kuwa hewa baridi huzama humo kwa uzito wake na kukaa. Katika miaka ya 1990 Douglas Goering wa Chuo Kikuu cha Alaska, Fairbanks, alilifanyia hesabu na majaribio kwa ajili ya matuta ya barabara.

Reli ya uwanda wa juu

Mahali ambapo maarifa haya yalitumika kwa wingi ni Uchina. Barabara ya magari ya Qinghai-Tibet ilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye iliwekwa lami, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1980. Lami ni nyeusi, hunyonya jua na huzuia unyevu usipande kuwa mvuke. Ardhi iliyo chini yake ikazidi kupata joto, na matengenezo hayakuisha.

Kwa sababu hiyo, ujenzi wa reli kutoka Golmud hadi Lhasa ulipoanza mwaka 2001, swali la ardhi lilikuwa mbele ya maswali mengine. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 1,142, na kilomita 960 kati ya hizo ziko kwenye kimo kinachozidi mita 4,000. Karibu kilomita 550 hupita juu ya ardhi iliyoganda, na karibu nusu ya ardhi hiyo haikupungua hata nyuzi 1 chini ya sufuri. Ongezeko dogo tu la joto lingetosha kuiyeyusha. Mtaalamu Cheng Guodong na wenzake walishauri kwamba kuongeza unene wa tuta hakutoshi, bali ni lazima tuta lenyewe lipozwe. Ushauri ukafuatwa. Zilitumika njia za mawe matupu, mabomba ya hewa, vivuli vya kukinga jua na nguzo za chuma zenye kimiminika ndani, ambacho hugeuka mvuke chini na kurudi kuwa kimiminika juu, kikipandisha joto kila mara. Pale ardhi ilipokuwa mbaya zaidi, reli ilipitishwa juu ya madaraja yasiyo na mto chini yake. Lile la Qingshuihe lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Reli ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2006.

Isidhaniwe kwamba tatizo limekwisha. Theluji na mchanga unaopeperushwa huziba mabomba na nafasi za mawe. Maji yakituama kando ya tuta huingiza joto kwa ubavuni. Barabara pana za lami, kama ile ya Gonghe hadi Yushu iliyofunguliwa mwaka 2017, hunyonya joto jingi kuliko reli nyembamba, na katikati ya tuta pana hewa hufika kwa shida. Huko Yukon, karibu na Beaver Creek, kwenye barabara ile ile ya mwaka 1942, vilijengwa mwaka 2008 vipande vya majaribio ili kulinganisha njia hizi. Hewa ya dunia nayo inaendelea kupata joto, na tuta hupozwa kwa baridi ya majira tu; baridi ikipungua, dawa nayo hupungua nguvu.

Mapendekezo ya istilahi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Ameandika kwamba kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la weupe ule, akauita baridi tu. Yule kiongozi alifanya kwa uaminifu kazi ya mtunga istilahi: alitaja lile alilolijua kwa hakika, wala hakuongeza asilolijua. Nasi tungependa kuufuata mwendo huo.

Jina jalidi ya kudumu, ambalo huonekana katika maandishi fulani, lina ila mbili. Jalidi humpeleka msomaji kwenye barafu, nasi tumeona kwamba barafu si sharti. Na kudumu, ingawa ni pungufu ya milele, bado huahidi mengi. Mtumishi wa kudumu hustaafu, lakini nani akisikia jina hilo hufikiria kustaafu? Tunapendekeza, kwa hiyo, majina yafuatayo:

1. Ardhi mgando ya miaka: ardhi iliyokaa katika nyuzi 0 au chini yake kwa miaka 2 au zaidi mfululizo. Mfano wa muundo wake tunao katika maziwa mgando na mafuta mgando, vitu ambavyo kila mtu anajua kwamba vikipata joto la kutosha hubadilika.

2. Tabaka la msimu: sehemu ya juu inayoyeyuka na kuganda kila mwaka.

3. Tuta la msingi: udongo au mawe yaliyoinuliwa ili kubeba barabara au reli. Tumeongeza neno msingi kwa sababu tuta la barabara, kwa dereva wa leo, ni kile kinuko kinachowekwa barabarani ili apunguze mwendo, na kwa mkulima tuta ni la viazi.

4. Tuta la njia za hewa: tuta la msingi lililolazwa mabomba ya kupitisha upepo.

5. Tuta la mawe matupu: tuta la msingi ambalo hewa huzunguka lenyewe baina ya mawe.

6. Nguzo ya kutolea joto: nguzo ya chuma yenye kimiminika, kama tulivyoieleza.

7. Kupoza: kutoa joto. Tungewasihi wafasiri wasiandike kutia baridi. Hakuna baridi inayotiwa tutani. Kilichopo ni joto linalotolewa. Kiswahili kina bahati hapa, kwani twasema kupoza chai, na kila mtu huelewa kwamba tunaiondolea moto wake.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wasomaji ili yajadiliwe, yapimwe darasani na katika tafsiri, na yarekebishwe panapostahili. Tunaloliomba ni kwamba jina lolote litakalokubaliwa limwambie mwanafunzi jambo ambalo wahandisi wa Alaska na Tibet walilazimika kujifunza: kwamba ardhi hii imeganda kwa sharti, na sharti lenyewe ni kwamba joto litokalo lisipungue kuliko joto liingialo.